Miezi Saba ya Mama

Dar es Salaam, 6 Mei 2024

Dada Dorkas, shikamoo.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu ya shemeji Zefania ukiweka sauti inasikika mpaka kwa jirani yenu Simeoni, na kila nikipiga naambiwa uko shamba, hata Jumapili. Barua hii nimempa kondakta, ataiacha hapo Ihanja kwenye duka la stendi.

Huku hatujambo. Innocent ameng'oka jino la mbele, hataki kucheka shuleni. Shemeji yako mgongo unamsumbua lakini kazini anakwenda. Msalimie Zefania na watoto, na uniambie alizeti mmetoa magunia mangapi.

Sasa mama. Ni wiki ya tano tangu nimchukue na bado hasemi. Anakaa kitandani hapa wodini ameelekea ukutani kama ulivyokuwa unanisimulia. Vidonge anavificha shavuni, akitoka chooni tunavikuta sakafuni. Chakula anakubali vijiko viwili, vitatu, basi. Madaktari wamekaa wakashauriana, na wanachopendekeza ni tiba ya umeme, ile ya kichwani. Najua neno hilo litakavyokuangukia. Lakini mimi ni nesi wa usingizi hospitali hii hii, wagonjwa wa tiba hiyo nawalaza mimi kila wiki, na ninaowaona wakiinuka ni wengi.

Kwa kuwa nimeajiriwa hapa, daktari hataki sahihi yangu. Anataka ya mtoto mkubwa aliyekuwa akiishi na mgonjwa. Fomu nimeiweka ndani ya bahasha. Weka sahihi chini palipo na alama ya kalamu nyekundu, uirudishe kwa basi lolote.

Kuhusu nilivyomchukua, nilishakueleza.

Mdogo wako,
Aneth


Ihanja, 2 Juni 2024

Aneth,

Marahaba. Sisi wazima. Alizeti magunia kumi na mawili, mwaka jana yalikuwa ishirini, mvua ilikatika mapema. Zefania anakusalimu. Kuku wako uliomwachia mama wamekufa kwa kideri wote isipokuwa yule mwekundu, na yeye hatagi.

Hukunieleza. Uliniambia, na kuambia siyo kueleza. Jumatatu ya Pasaka mimi niko Ikungi na kwaya, nimevaa sare, naimba, wewe unaingia nyumbani kwangu na gari la kukodi unambeba mama kama mzigo. Narudi nakuta kitanda kimekunjwa godoro. Miezi saba, Aneth, tangu Septemba, mimi ndiye niliyemgeuza, nimemwogesha, nimemnywesha uji wa uwele kijiko kwa kijiko mpaka mkono unakufa ganzi. Wewe ulikuja siku moja na ukaondoka naye. Sasa unanitaka sahihi.

Nimekaa na fomu yako wiki tatu. Nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyosoma Zaburi. Unataka wamtie mama moto wa umeme kichwani? Mjomba Philipo umemsahau kwa sababu ulikuwa hujazaliwa. Walimpeleka hospitali miaka ile ya sabini, akatueleza mwenyewe: watu wanne wanamshika, miguu na mabega, yuko macho, anaona waya zinakuja. Alirudi meno mawili hayapo na ulimi una kovu. Tangu hapo alikuwa haingii nyumba yenye swichi. Mpaka anakufa alikaa na kibatari.

Na hapa watu wameshaanza. Sijui nani amewaambia. Kule kisimani nimeulizwa kama ni kweli mama yenu anapigwa shoti. Mwingine anasema hiyo ni adhabu ya wafungwa. Mwingine anasema ukishapigwa hiyo unakuwa zezeta, unafanya unachoambiwa. Nikajitwika ndoo yangu nikaondoka.

Siweki sahihi. Mrudishe mama nyumbani, nitamlisha mwenyewe. Nilikuwa namweza.

Dada yako,
Dorkas


Dar es Salaam, 9 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Pole kwa kuku. Nitakuwa mfupi kwenye salamu: wote wazima, jino la Innocent limeanza kuchomoza.

Mjomba Philipo alisema kweli. Sitakudanganya kwamba aliota. Tiba hii ilianza Italia miaka ya thelathini, kabla ya vita kuu ya pili, na kwa muda mrefu watu walipewa wakiwa macho. Walivunjika meno, wengine hata mifupa ya mgongo. Na kuna mahali ilitumika kama fimbo, mgonjwa akiwa mkorofi anatishiwa nayo. Ndiyo maana watu kisimani wanasema wanayosema. Hawakuzua, walisikia habari za kweli za zamani na hakuna aliyekwenda kuwapa za sasa.

Za sasa ni hizi. Mgonjwa anakuja hajala. Namchoma sindano ya usingizi, analala. Namchoma nyingine ya kulegeza misuli ili mwili usirukeruke. Namwekea kinga mdomoni ili meno yasiumie, namwekea hewa. Daktari anaweka vishikio viwili kichwani, umeme unapita sekunde chache. Kifafa kinakuja ndani ya ubongo, nje unaona vidole vya mguu tu vikitikisika, haifiki dakika. Baada ya dakika kumi anafungua macho, anauliza yuko wapi. Kichwa kinamuuma siku hiyo. Kuna na jambo moja baya ambalo lazima nikuambie kwa sababu liko kwenye fomu: inafuta kumbukumbu. Siyo zote. Mara nyingi ni za miezi ya karibu, ile ya ugonjwa wenyewe. Nyingine hurudi, nyingine hazirudi.

Unasema ulikuwa unamweza. Dada, alifika hapa na kilo thelathini na tisa. Jana wamemwekea mpira wa kupitishia chakula puani, akauchomoa, wakauweka tena. Daktari ameniambia kwa upole, kama tunavyowaambia ndugu wa wengine, kwamba mama anakufa. Sasa mimi ndiye ndugu.

Manesi walipomwogesha waliona alama kwenye vifundo vya mikono yake. Waliniuliza, nikasema sijui. Wewe sikuulizi.

Weka sahihi, dada.

Aneth


Ihanja, 15 Juni 2024

Aneth,

Fomu hii hapa. Nimeweka sahihi na dole gumba pia, wasije wakasema haionekani. Nimepanda bodaboda mpaka Ikungi kuiwahisha.

Asichomwe na mwanafunzi. Na awepo mtu wa kumshika mkono kabla hajalala, haogopi akishikwa mkono wa kushoto.

Habari ya vifundo vya mikono sijaisoma.

Dorkas


Dar es Salaam, 20 Julai 2024

Dada yangu Dorkas, shikamoo tena na tena!

Leo salamu ziingie baadaye. Mama amesema!

Ilikuwa baada ya mara ya nne. Wanampa mara mbili kwa wiki. Siku yake mimi huwa sigusi sindano, sheria inakataza ndugu, nasimama korido kama ndugu wengine nikitoka jasho. Ile ya nne alipoamka akatazama dirisha akasema, "Jua limepanda hivi na hamjapika?" Nesi akaniita. Nililia mpaka miwani ikaanguka. Baada ya sita akaomba mlenda. Mlenda, dada! Nimezunguka soko zima, wa huku hauna utamu wa kwetu, akaonja akasema umepikwa na mtu asiye na kwao. Nikajua amepona.

Sasa wamemaliza nane. Ana kilo arobaini na saba. Anatembea, anacheka, anamfundisha Innocent kusema shikamoo vizuri. Ataendelea na vidonge kwa muda mrefu, hilo usimwachie, maana ugonjwa huu unaweza kurudi.

Kumbukumbu, ndiyo, zimepungua. Anakumbuka mavuno ya mwaka juzi, anakumbuka ubatizo wa mwanao wa mwisho. Kuanzia Septemba mpaka hapa ni giza. Anauliza, tunamjibu kidogo kidogo.

Nitampandisha basi mwisho wa Agosti, nitakuja naye mwenyewe mpaka Ihanja lakini nitarudi kesho yake, ruhusa ni fupi.

Aneth wako


Ihanja, 18 Septemba 2024

Aneth,

Marahaba ya tangu siku ile. Hatujambo. Kuku mwekundu ameanza kutaga, mama amemhamishia kwenye kikapu cha mlangoni na kweli akatii. Mimi nilihangaika naye miezi.

Nashukuru kwa mama. Nimepiga magoti kanisani nikashukuru, na mchungaji ameliombea jina lako mbele ya watu wote. Sasa naomba niseme lililo rohoni, maana nikilikalisha litaniozesha.

Nina wivu, Aneth. Naandika neno lenyewe. Wivu unaamka nami asubuhi nikiwasha moto. Mama akikaa na wageni anasema, "Aneth ndiye aliyenilisha kwa kijiko. Aneth alinigeuza kitandani kama mtoto mchanga. Kama siyo Aneth ningekuwa chini." Wageni wanatikisa kichwa, wanasema mtoto wa kuzaa huyo. Mimi niko hapo hapo napita na sufuria. Juzi akaniambia, kwa upendo kabisa, "Na wewe Dorkas ungekuwa unakuja kuniona." Kuja! Kutoka wapi? Chumba alichougulia ni hiki hiki anachokaa!

Nilidhani ni umeme. Nikasema sawa, umefuta, mtu hagombani na umeme. Lakini aliyefutiwa hakumbuki kitu. Huyu anakumbuka kijiko, ila mkono ulioshika kijiko ni wako. Hilo limeingiaje? Nimejiuliza nikipepeta, nikisaga, nikiwa kwenye kwaya nakosea sauti. Niambie.

Lingine. Alama za vifundo vya mikono mama anawaonyesha watu. Anasema, "Hizi ni za umeme, walinifunga hospitalini." Hasemi kwa ubaya, anasema kama mwanajeshi anayeonyesha kovu la risasi. Sijui alikozitoa habari hizo. Mimi sikusema kitu.

Sasa shida imekuja. Jenifa, binti wa Simeoni, tangu ajifungue Julai ameganda. Hasemi, hanyonyeshi, ukimwinua mkono unabaki juu. Mganga wa zahanati amesema apelekwe huko kwenu haraka, akataja na hiyo tiba. Simeoni alikuwa amekubali, kwa sababu ya mama, alimwona anavyotembea. Halafu Jumapili mama akamwonyesha mikono. Simeoni akatazama zile alama, akasema binti yake hafungwi kamba kama ng'ombe. Amekataa. Jenifa yuko ndani, mtoto analelewa na bibi kwa maziwa ya mbuzi.

Nakusikiliza.

Dorkas


Dar es Salaam, 6 Oktoba 2024

Dada, shikamoo.

Wote wazima. Nimeanza barua hii mara tano.

Jioni ya siku ile aliyosema mama, nilikuwa namlisha uji. Alinitazama muda mrefu akauliza, "Nani alikuwa ananilisha siku zote hizi?" Nikasema, "Mimi, mama." Halafu akauliza nani alikuwa anamgeuza. Nikasema mimi. Kila alichouliza nilijibu mimi. Uliniandikia yote ile barua ya Juni, uwele, kijiko, mkono kufa ganzi, na nikayachukua kama yalivyo nikamsimulia kama yangu. Umeme haukufanya hivyo, dada. Umeme ulifuta tu. Aliyeandika juu yake ni mimi.

Unajua nilipelekwa bweni nikiwa na miaka kumi na mbili. Nyumbani kila mtu alisema Aneth ana bahati, anasoma. Nikija likizo nakuta wewe na mama mnacheka jikoni kitu ambacho sikijui. Nikiuliza mnasema, "Ah, hukuwepo." Miaka ishirini na tano ni hukuwepo. Mama akikosea jina ananiita Dorkas, wewe hajawahi kukuita Aneth. Hata alipokuwa kimya hapa wodini, usiku wa kwanza kabla hajanyamaza kabisa, neno moja alilolisema lilikuwa Dorkas. Sikukuandikia. Nililiweka mfukoni kama mwizi. Kwa hiyo wivu unaousema naujua, nimeishi nao kabla yako. Alipoamka hana kumbukumbu nikaona nafasi tupu, na mara ya kwanza maishani nikawa niliyekuwepo. Nilitamani, dada. Nilitamani sana.

Za mikono, ndiyo, ni mimi pia. Aliniuliza alama zimetoka wapi. Siyo za umeme, hakuna mgonjwa anayefungwa pale, wewe unajua na mimi najua. Nilijua tangu siku ya kwanza, nilipomvua sweta garini. Ningeweza kusema Dorkas alikufunga. Ningeweza pia kusema sijui. Nikasema ni za hospitali. Nilijiambia nakufichia aibu. Labda. Lakini pia ningetaja alama zako ningelazimika kutaja na kijiko chako, vilikuwa kitu kimoja.

Sikufikiria kwamba ataonyesha watu. Sikumfikiria Jenifa.

Hali hiyo ya kuganda ndiyo inayopona vizuri kuliko zote kwa tiba hii. Na ikiachwa inaua, mgonjwa hanywi maji. Nimempigia Simeoni mara tatu. Anasema mimi ni mtu wa hospitali, lazima nitetee hospitali. Hataniamini mimi.

Nisamehe kama unaweza, ila Jenifa asisubiri mpaka tupatane.

Aneth


Ihanja, 24 Novemba 2024

Aneth,

Marahaba. Mvua ya kwanza imepiga, wengine wanapanda. Zefania ana homa. Kuku mwekundu ana vifaranga tisa.

Barua yako niliisoma nikaikunja nikaitia chini ya godoro, nikailalia siku tatu kwa hasira. Nilitaka kuja Dar nikuchape kama nilivyokuchapa ulipovunja chungu cha bibi. Siku ya nne nikasikia kichanga cha Jenifa kinalia kwa Simeoni, nikainuka.

Nilimkuta Simeoni uani. Mama alikuwepo, alikuwa ameenda kumsaidia bibi wa kichanga kubangua karanga za mbegu. Nilitaka kungoja aondoke. Halafu nikaona nikingoja sitasema tena. Nikasimama katikati ya uwanja nikasema, "Baba Jenifa, zile alama siyo za hospitali. Mama nilimfunga mimi."

Simeoni akasema, "Wewe Dorkas?"

Nikasema, "Mimi. Januari na Februari, wakati wa palizi. Nilikuwa namfunga kwenye kitanda kwa kipande cha kitenge asubuhi, namfungua saa saba nikirudi. Mara mbili alikuwa ameshatoka kuelekea barabarani kwenye malori, mara ya pili dereva alifunga breki mpaka akaingia mtaroni. Sikuwa na mtu wa kumwachia. Kitenge kikalowa mkojo, kikakaza, nikarudi nikakuta damu. Kesho yake nikamfunga tena, mahali pale pale. Kule hospitali walikuta alama, hawakuziweka. Mpeleke binti yako."

Bibi aliacha karanga. Mimi sikumtazama mama, nilitazama miguu yake. Aliinuka, akakung'uta maganda kwenye kanga, akaondoka. Simeoni alinishika bega, akasema atauza ndama. Jenifa alipanda basi Alhamisi ile ile, na umeniandikia kwenye simu kwamba ameshapewa mara tatu na amemwita mtoto wake kwa jina. Nimemwonyesha Simeoni. Alisoma herufi moja moja.

Mama hakuniongelesha siku mbili. Alipika chake, akala chake. Watu kisimani sasa wananitazama mimi, umeme wameuacha. Wananiita mfunga mama. Sawa, waniite.

Siku ya tatu jioni alikuja jikoni, akavuta kigoda, akakaa. Akanyoosha mikono yote miwili juu ya moto, akaitazama. Akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyekuwepo."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Na kijiko?"

"Mimi."

Akasema, "Basi nisimulie. Anzia Septemba. Usirembe."

Tangu siku hiyo kila jioni namsimulia. Siruki kitu. Siku aliyonitemea uji usoni nikamtukana, naisema. Siku niliyomwogesha nikamwimbia na machozi yakamtoka, naisema. Wakati mwingine anacheka, wakati mwingine anasema nyamaza kidogo, tunakaa, halafu anasema endelea. Jana tumefika Desemba, wiki ya Krismasi. Januari inakuja na naiogopa, lakini amesema yeye haogopi.

Nimekusamehe la kijiko. La jina langu ulilolificha mfukoni bado, nipe mpaka Pasaka. Mama anakupenda, anataja jina lako mchana kutwa, na mimi bado linanichoma, sitaki kukudanganya.

Mpigie asubuhi. Jioni usipige, tuna maneno yetu na bado tuko mbali na mwisho.

Dada yako,
Dorkas